Plagini ilijisasisha yenyewe, sweta zikaisha

Leo nataka tuzungumze kuhusu bakapu, yaani nakala ya akiba ya tovuti, na hasa kuhusu siku unapolazimika kuitumia. Kutengeneza bakapu kila mtu ameshaambiwa atengeneze. Kuirejesha ndiko kunakotoa jasho, na watu wachache huandika juu yake.

Kwa wale ambao si wanaprogramu, maelezo mafupi kwanza. Tovuti nyingi za biashara ndogo hapa Kenya zimejengwa kwa WordPress. WordPress yenyewe ni kama nyumba iliyo tupu. Ukitaka duka, fomu ya mawasiliano au hesabu ya stoo, unaongeza programu ndogo ziitwazo plagini, na kila plagini ina watengenezaji wake, ambao hawajuani na wale wengine. Tangu toleo la 3.7 la Oktoba 2013, WordPress hujisasisha yenyewe kwa marekebisho madogo na ya usalama. Toleo la 5.5 la Agosti 2020 likaleta kitufe cha kuruhusu plagini nazo zijisasishe. Ukikibofya, mara mbili kwa siku tovuti huuliza kama kuna toleo jipya, na likiwepo hulishusha na kulisakinisha bila kumwuliza mtu.

Haya. Mteja wangu mmoja ni mama anayeuza sare za shule huko Nakuru. Tovuti yake ilijengwa na mtu mwingine zamani. Mimi huitwa panapokuwa na tatizo, na ndiye niliyempangia bakapu za kila usiku. Ana plagini ya kuhesabu mali kwa saizi: sweta namba 28 zimebaki ngapi, namba 30 ngapi, na kadhalika. Jina la plagini sitalitaja.

Jumamosi tarehe 4 Januari 2025, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, alinipigia saa nane mchana. Nyote mnajua Jumamosi hiyo ilivyo kwa muuza sare. Alisema, "Kijana wangu, tovuti inawaambia watu sina sweta. Na mimi hapa nimekalia marobota ya sweta."

Nikamwambia, "Mama, nipe dakika kumi niangalie."

Ukurasa wa kwanza ulifunguka vizuri. Kaptura zilikuwepo, mashati yalikuwepo, soksi zilikuwepo. Lakini kila sweta, kila saizi, ilikuwa na maneno "Imeisha". Kwenye faili ya kumbukumbu za seva nikakuta kwamba ile plagini ilikuwa imejisasisha saa 07:10, na kwamba kazi yake ilikatwa katikati kwa kuzidisha sekunde 30.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo penye utamu. Sasisho hilo halikubadilisha programu tu, lilibadilisha pia mpangilio wa data. Toleo jipya liliunda jedwali jipya kwenye hifadhidata, kisha likaanza kuhamisha mistari kutoka jedwali la zamani, mmoja mmoja, na kila mstari uliohamishwa ukafutwa kule ulikotoka. Mistari ilikuwa zaidi ya 9,000. PHP, lugha iliyotumika kuandika WordPress, kwa kawaida huipa kazi moja sekunde 30 tu kisha huikata. Ni kama mtu anayehama nyumba halafu lori linamharibikia njiani: nusu ya vyombo iko Nakuru, nusu iko Naivasha, na kila nyumba ukiingia unaona pengo. Mistari ya zamani ndiyo iliyotangulia kuhamishwa. Sweta ziliingizwa mwishoni, mwezi Desemba, kwa hiyo zilibaki nyuma. Toleo jipya halikuziona, likahesabu sifuri.

Mtu anaweza kuuliza, je, WordPress haina kinga dhidi ya mambo kama haya? Inayo. Tangu toleo la 6.6 la Julai 2024, plagini ikijisasisha yenyewe, WordPress hujaribu kufungua ukurasa wa kwanza wa tovuti, na ukianguka kwa hitilafu kubwa hurudisha toleo la zamani la plagini hiyo. Ni kazi nzuri na naipongeza. Lakini kinga hiyo hubisha hodi mlango wa mbele tu. Huku kwetu mlango wa mbele ulifunguka, na jikoni ndiko kulikokuwa kunaungua. Hakuna barua pepe iliyotumwa wala ukurasa mweupe ulioonekana. Tovuti iliendelea kufanya kazi ikitoa hesabu ya uongo.

Ushauri wa kwanza unaoupata ukiuliza mtu ni: rudisha bakapu ya jana. Bakapu ilikuwepo, nzima kabisa, ya saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo hiyo. Ningeweza kubofya mara tatu na tovuti yote ingerudi kama ilivyokuwa. Sikubofya.

Sababu ni hii. Kati ya saa nane usiku na saa nane mchana zilikuwa zimepita saa kumi na mbili, na katika saa hizo watu walikuwa wameagiza. Nilizihesabu oda: 41. Kati yake 36 zilikuwa zimelipiwa kwa M-Pesa na tano ni za kulipa wakati wa kuchukua. Bakapu ya usiku haikuzijua hata moja. Ningeirejesha nzima, sweta zingerudi kwenye tovuti, lakini wazazi 36 waliokwisha toa pesa zao wangefutika. Jumatatu asubuhi wangekuja dukani na ujumbe wa M-Pesa kwenye simu, na Mama angewaambia hawaoni kwenye kompyuta. Kwa biashara ya aina hii, watu 36 wakiondoka wakinung'unika, habari itafika kila shule ya mtaa kabla ya chakula cha mchana.

Jambo hili limewapata hata wakubwa. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni inayohifadhi kodi za wanaprogramu duniani kote, ilifutiwa hifadhidata yake kuu kwa bahati mbaya na mhandisi wake mwenyewe aliyekuwa akijaribu kutatua tatizo usiku. Walipokimbilia bakapu za kila siku wakakuta hazikuwa zikitengenezwa, kwa sababu programu ya kunakili haikulingana na toleo la hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyotengenezwa kwa mkono saa sita kabla ya ajali. Tovuti ikarudi. Lakini yale ambayo watu walikuwa wameandika katika hizo saa sita kwenye hifadhidata, maoni, ripoti za hitilafu, akaunti mpya, hayakurudi. Waliyaeleza haya yote hadharani, na mimi nimewaheshimu tangu hapo.

Basi kazi yangu ikawa kurejesha kile kilichoharibika tu, na kuacha mengine yote yalivyo.

Kabla ya kugusa chochote nilitengeneza bakapu nyingine, ya tovuti ikiwa mbovu hivyo hivyo. Wengi huruka hatua hii kwa haraka. Gari likigongwa barabarani, watu hupiga picha kabla ya kulisogeza. Hapa ni vivyo hivyo. Ile hifadhidata mbovu ndiyo pekee iliyokuwa na zile oda 41. Nikaishusha kwenye kipakatalishi changu kwa bando za simu, megabaiti 46 zikiwa zimebanwa, na bakapu ya usiku nikaiweka kando yake. Ukurasa wa kuagiza nikaufunga kwa muda na kuweka tangazo kwamba wateja wapige simu dukani. Mama akatoa daftari lake na kuanza kuandika kwa kalamu. Hadi jioni aliandika oda 17 za simu, na hakulalamika; nadhani alifurahia.

Tahadhari moja kwa mtakaojaribu nyumbani. Nakala ya tovuti ikiwaka kwenye kompyuta yako haijui kwamba ni nakala. Itatuma barua pepe kwa wateja wa kweli, itawaambia oda zao zimefutwa. Zima utumaji wa barua pepe kabla ya kuiwasha, na kwenye faili ya wp-config.php weka anwani ya kompyuta yako ili isikurushe kwenye tovuti halisi bila wewe kujua. Pia kumbuka kwamba umebeba majina na namba za simu za watu. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na nakala kama hiyo hufutwa kazi ikiisha.

Jaribio la kwanza nililofanya kwenye nakala lilikuwa kuongeza muda. Niliipa PHP sekunde 300 badala ya 30, nikaiambia plagini ianze tena kuhamisha mistari. Je, isingemaliza safari tu? Kumbe kila inapoanza, hatua yake ya kwanza ni kufuta jedwali jipya lote ili ianze na ukurasa safi. Mistari iliyokwisha hamishwa ikapotea papo hapo, kwa sababu kule ilikotoka ilishafutwa. Nilishukuru kwamba yalitokea kwenye kipakatalishi. Nikaifuta nakala, nikapakia nyingine.

Jaribio la pili lilikuwa kurudisha toleo la zamani la plagini peke yake. Hili pia ni ushauri wa kawaida, na mara nyingi hufaa, kwa sababu tovuti ya WordPress.org huhifadhi matoleo yaliyopita ya plagini nyingi na mtu anaweza kuyashusha. Lakini toleo la zamani husoma jedwali la zamani, ambalo sasa lilikuwa na nusu ya pili tu. Sweta zikarudi, kaptura na mashati vikatoweka. Ni shida ile ile imegeuzwa upande.

Kwa hiyo ilibidi faili na data virudi pamoja, vya toleo moja. Kutoka kwenye bakapu ya usiku nilitoa vitu vitatu tu. Kwanza folda ya plagini ile, ndani ya wp-content. Pili jedwali la zamani la hesabu. Programu ya mysqldump inakuruhusu kutaja jedwali moja kwa jina badala ya kubeba hifadhidata nzima. Tatu ni mstari mmoja mdogo kwenye jedwali la wp_options, ambamo plagini huandika namba ya toleo la data yake. Huu wa tatu ni rahisi kuusahau. Ukiuacha ukisema "mimi ni toleo jipya", siku utakaposasisha tena plagini itaamini kwamba mistari ilishahamishwa, na haitahamisha kitu. Jedwali jipya lililojaa nusu nikalifuta. Oda hazikuguswa, kwani ziko kwenye majedwali mengine kabisa.

Nilijaribu mara mbili kwenye kipakatalishi, kisha nikafanya kwenye seva. Kwenye seva yenyewe ilichukua dakika sita.

Sweta zikarudi, lakini zilikuwa sweta za saa nane usiku. Oda 41 zilikuwa zimepunguza mali, na jedwali lililorejeshwa halikuwa na habari. Hiyo tukaifanya kwa mkono, mimi nikisoma oda kwenye simu na Mama akihakikisha na kile kilichofungashwa dukani. Namba 30, toa mbili. Namba 34, toa moja. Kisha zile 17 za daftari. Saa kumi na mbili jioni ukurasa wa kuagiza ukafunguliwa.

Tulipomaliza nilimwomba kitu kimoja zaidi: jumla ya malipo ya M-Pesa ya siku hiyo. Ana namba ya kulipia ya duka na nyingine ya tovuti tu, na mpangilio huo ulitusaidia sana. Mteja wa tovuti hulipa, kisha huandika msimbo wa M-Pesa kwenye fomu. Mpaka nilipofunga ukurasa wa kuagiza, oda zilizolipiwa zilikuwa 36. Ujumbe wa malipo ulikuwa 38.

Pesa za watu wawili ziliingia bila oda. Kuwatafuta kulihitaji saa tatu tofauti, na hapa Mwafrika Mashariki anayefanya kazi na seva atanielewa. Seva husoma saa za dunia, zilizo nyuma ya Kenya kwa saa tatu. Ujumbe wa M-Pesa husoma saa za Kenya kwa mtindo wa Kizungu. Mama husoma saa za Kiswahili. Kwa hiyo seva ilisema plagini ilijisasisha saa 07:10, simu ingesema 10:10, na Mama alisema ni saa nne na dakika kumi. Hata faili ya bakapu yenyewe, ambayo sisi tunaiita ya Jumamosi saa nane usiku, ilikuwa na jina la tarehe 3, saa 23:00. Mtu mwenye haraka angeweza kudhani ni ya Ijumaa na kutafuta nyingine mpya zaidi, ambayo haipo.

Tulipozipanga saa zote kwenye karatasi moja, mambo yakaonekana. Malipo ya kwanza yasiyo na oda yaliingia saa 10:08, ya pili 10:09. Watu hawa walikuwa na sweta kwenye kapu, wakalipa, wakarudi kwenye fomu kuandika msimbo, na katika dakika hiyo plagini ikajisasisha. Walipobofya kutuma, tovuti ikawajibu kwamba sweta zimeisha.

Mmoja, baba wa kutoka Njoro, alikuwa ameshapiga simu mara mbili dukani, na msichana wa kaunta alimwambia asubiri. Mama alimpigia mwenyewe usiku ule, akamwomba radhi, akamwambia aje Jumapili. Wa pili tulikuwa na jina na kiasi tu, Sh1,450. Mama alitazama kiasi hicho kwa muda, akasema hiyo ni sweta moja ya namba 28 na tai, hakuna vitu vingine dukani vinavyofika hapo. Akafunga kifurushi, akaandika jina juu yake, akakiweka chini ya kaunta.

Baadaye aliniuliza kwa nini tusizime huku kujisasisha kabisa. Ni swali la haki, na jibu langu halijabadilika: hapana. Februari 2022 iligunduliwa kwamba UpdraftPlus, mojawapo ya plagini maarufu za kutengeneza bakapu, ilikuwa na tundu lililomruhusu mtu yeyote mwenye akaunti kwenye tovuti kushusha bakapu zake, pamoja na kila kilichomo. Ilikuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 3, na WordPress.org ililazimisha sasisho kwa nguvu. Ni nani angezifikia tovuti milioni 3 kwa mkono, moja moja? Mwenye duka la sare hafungui ukurasa wa masasisho kila asubuhi. Anafungua duka.

Nilichobadilisha ni kidogo. Plagini zinazobeba hesabu au pesa, zake ni mbili, ninazisasisha mwenyewe Jumanne asubuhi baada ya kuzijaribu kwenye nakala. Nyingine zote zinaendelea kujisasisha. Bakapu ya hifadhidata sasa hutengenezwa kila saa moja wakati wa mchana, kwa sababu ni ndogo. Ya faili na picha inabaki ya usiku. Na majina ya faili za bakapu sasa yana saa za Kenya.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, mwanamke mmoja aliingia dukani akiwa na mtoto aliyevaa sare yote isipokuwa sweta, simu mkononi, tayari kwa ugomvi. Mama hakumwacha amalize. Alimwuliza jina, akainama chini ya kaunta, akatoa kifurushi. Namba 28 ilimtosha mtoto. Mikono ilikuwa mirefu kidogo, lakini huko kwetu sweta hununuliwa ya mwaka huu na ujao.

Watengenezaji wa plagini walitoa toleo lililorekebishwa baada ya siku tisa. Safari hii huhamisha mistari mia mia, na haifuti ya zamani mpaka imehakikisha mipya imefika. Nililijaribu kwenye nakala Jumanne iliyofuata, likahamisha yote kwa sekunde 74. Nikahesabu sweta za namba 28 kabla na baada. Zilikuwa 19, zikabaki 19.